Udhu wa Jenerali

Asubuhi ile nilitoka Al Qusais na begi moja, bila kujua nakwenda wapi. Ningependa kusema nilikuwa na mpango, kwa sababu watu wenye mipango huheshimiwa zaidi, lakini mpango wangu wote ulikuwa kwamba chumba kinafungwa na mimi bado nimo ndani. Arbabu wetu, yaani mwajiri wetu, aliyekuwa akinunua samani kuukuu za mahoteli na kuziuza upya, alikuwa amefunga ghala lake. Alitufutia viza kwa upole, akampa mkono kila mtu, akaenda zake. Sheria ilitupa muda mfupi wa kutafuta kafili mwingine wa kutudhamini, na ukiisha hujapata, unarudi kwenu. Wenzangu wote walishapata. Mmoja alihamia Sharjah, mwingine alirudi kwa arbabu wake wa zamani akamwomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya. Mimi nilikuwa bado natazama mambo yanavyokwenda, na muda wenyewe ulikuwa ukingoni.

Kurudi Mombasa si kifo. Nilikwisharudi mara kadhaa, kutoka Nairobi, kutoka Dar, hata kutoka Lamu ambako nilikwenda kwa sababu tu lori lilikuwa na nafasi. Mama alikuwa ameacha kukunja godoro langu. Lakini safari ya Dubai nilisomewa dua, majirani wakala biriani, na mimi mwenyewe nikasimama barazani nikatangaza kwamba safari hii hamnioni tena ila kwa likizo. Mtu hawezi kuulisha mtaa mzima biriani halafu akarejea na begi lile lile.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani ni karo. Haikuwa karo, lilikuwa dirisha. Walinikalisha karibu na dirisha, na nje kulikuwa na barabara. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu isipokuwa kile ninachofundishwa.

Basi nikapanda metro ya kijani, ambayo miaka ile ilikuwa bado mpya na inanukia plastiki, nikakaa. Nilijiambia nitashuka mahali patakaponivutia. Stesheni zikapita, na hakuna iliyonivutia. Ndipo akaingia mtu mrefu mweusi, mwenye mabega kama mlango wa kabati, akaketi mbele yangu na kupakata mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Ndani ya mfuko kulikuwa na kofia. Sisemi kofia hizi za kujikinga na jua. Ilikuwa kofia ya manyoya meusi, ndefu kama ndoo mbili zilizobebana, na pembeni ina kamba nyeupe za kusuka. Ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

Moyo ukanipasuka kwa furaha, kwa sababu kofia ile naijua.

Hapa lazima nieleze. Ghalani kwetu, ndani ya kabati moja la hoteli, tulikuta kitabu kikubwa cha picha ambacho hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha Kifaransa, lugha ambayo hakuna aliyeijua, kwa hiyo kikawa changu. Kila mapumziko ya mchana nilikaa juu ya makochi ya watu nikafunua. Kilikuwa na habari za kikosi cha walinzi wa yule jenerali wa Kifaransa aliyekuja kujivika taji mwenyewe. Kikosi teule, wanaume warefu wenye kofia za manyoya ya dubu. Mimi sikutaka vita. Vita vyote katika picha vinafanana, moshi na farasi aliyelala chali. Nilitaka kujua walianzaje. Mtu haamki tu asubuhi akakuta watu elfu wenye kofia za dubu mlangoni kwake.

Dereva mmoja wa Tunisia aliyekuwa akileta mizigo alijua Kifaransa, lakini alikuwa na haraka siku zote. Alinitafsiria maneno ya chini ya picha huku injini ya lori inanguruma. Picha ya wanaume warefu mlangoni mwa jumba: "Hawa walikuwa mabawabu wa bunge. Siku ya siku wakawafukuza wabunge waliokuwa wakiwalinda, wengine wakatorokea madirishani." Picha ya jenerali anaruka ukuta wa bustani, mguu mmoja una buti, mwingine hauna: "Hapa Italia, maadui wamemkuta hajajiandaa, anakimbia." Picha ya wapanda farasi wamemzunguka: "Hapa ameunda walinzi wake, asikimbie tena. Yalla, nisaidie kushusha hii meza." Na mwisho wapanda farasi wenye vilemba na panga zilizopinda: "Hawa ni Mamaluki, aliwatoa Misri akawaunganisha humo humo."

Lakini kabla ya picha ya ukuta kulikuwa na picha moja ambayo Mtunisia hakuwahi kuifikia. Jenerali amekaa kitini, buti moja liko chini, mguu umo ndani ya beseni la maji.

Kwangu mimi picha ile haikuhitaji mkalimani. Mtu amekaa, amevua buti, maji yako miguuni. Alikuwa anatawadha. Tena kama nilivyosikia, jenerali huyo huyo alipofika Misri aliwaambia watu kwamba yeye ni rafiki wa Uislamu. Mambo yakaungana vizuri kabisa. Maadui walimkuta katikati ya udhu, baina ya mguu wa kulia na wa kushoto, na ndiyo maana alikimbia na buti moja. Kitabu hakikusema ni mguu gani uliokuwa na buti, mimi nikajua ni wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio unaoanza.

Hadithi hiyo niliisimulia ghala zima. Mshika stoo wetu, mzee wa Kiunguja aliyependa ubishi kuliko chai, hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza jambo la maana zaidi.

"Sasa alivyorejea, aliendelea na mguu uliobakia, ama alianza upya?"

"Hapo kitabu hakisemi, mzee."

"Kitabu gani hicho kinachoacha jambo kubwa kama hilo? Mwenzangu, kapita mbio, viungo vishakauka."

"Kwa madhehebu yetu kuendelea kunafaa," akasema kijana wa Malindi aliyekuwa akifunga mizigo.

"Kunafaa ukiwa umekatizwa na mgeni. Hapa kakatizwa na jeshi."

Tulibishana mpaka arbabu akapiga makofi kutuamsha. Niliwaza sana jambo hili baadaye, kwamba watu wazima, wenye akili zao, tulitumia mchana mzuri kutafuta hukumu ya udhu wa mtu ambaye hata hatukuuliza ni wa dini gani.

Basi, hapo kwenye metro nilikuwa nimeitumbulia macho kofia mpaka mwenyewe akachoka.

"Unaangalia nini, ssebo?" Kwa neno hilo nikajua ni Mganda, ndivyo wanavyosema bwana. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kila sentensi kama amri. "Hii haiwezi kukuuma."

"Naiangalia kofia. Naijua."

"Unaijua wapi? Imetoka kwa kontena juzi."

"Naijua kwa sura. Ni ya walinzi wa Kifaransa, wale wa yule jenerali mfupi."

"Mimi sijui jenerali mfupi. Mimi najua inawasha kichwa. Nimetoka kwa fundi, ameongeza kitambaa ndani. Bado inawasha."

Aliposhuka Oud Metha, nikashuka. Alipovuka barabara, nikavuka. Alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi kabla ya hapo, na miaka ya kusimama milangoni humfundisha mtu kujua anapofuatwa. Akageuka.

"Wewe unafuata mimi kwa nini?"

"Sikufuati wewe, kaka. Nafuata kofia."

Akacheka, cheko fupi la pua. Akanieleza tukiwa tunatembea. Kulikuwa na mkahawa mpya wa Kifaransa unakaribia kufunguliwa, na mwenyewe alitaka mlangoni wasimame wanaume wanne waliovaa mavazi ya walinzi wale. Wanne walipatikana, wote Waganda. Mmoja wao alikuwa ametoweka usiku uliopita, inasemekana kwenda Abu Dhabi kwa kazi bora, na kuacha kofia na kitanda.

"Huyo mtu nilimleta mimi," alisema. "Unaelewa? Mimi nilisema, madam, huyu ni mtu mzuri. Sasa madam ananiangalia hivi." Akanionyesha jinsi anavyoangaliwa, na sikuitamani.

Kila mtu wa Afrika Mashariki aliyeishi Dubai anaelewa. Kazi haitangazwi, inavutana. Aliyemo ndani anakuvuta, na ukishavutwa wewe ni mtu wake; ukiharibu, yeye ndiye anayeulizwa kwanza.

"Basi nipeleke mimi," nikasema.

Akasimama. Akanipima kuanzia juu, na safari ya macho yake haikuwa ndefu.

"Wewe? Hii kofia itakuvaa wewe."

"Nina viza iliyofutwa na nina siku chache. Nikikosa, narudi. Nipeleke tu, yeye mwenyewe akatae."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alipiga hesabu kwamba kufika na mtu mbaya ni afadhali kuliko kufika na kofia peke yake.

Mkahawa ulikuwa unanuka rangi mbichi na siagi. Msimamizi, ambaye wote walimwita Madam, alikuwa Mlebanoni wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Maneno yote ya mle ndani yalikuwa ya Kiingereza, na mimi nayaweka hapa kama nilivyoyasikia kichwani.

"Madam, nimeleta mtu," Mganda akasema.

"Yuko wapi?" Madam akauliza, akitazama mlangoni juu ya kichwa changu.

"Huyu hapa, madam. Hapa chini."

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na alama ya penseli. Chini ya alama hiyo hakuna kazi. Nikasimamishwa. Nilivuta pumzi, nikanyoosha shingo, nikainua visigino kidogo kidogo, nikitegemea kwamba suruali yangu ndefu itanisitiri.

"Visigino," Madam akasema, bila hata kuangalia chini.

Nikashusha. Hata hivyo akanivika kofia ya yule aliyetoweka, labda kwa huruma, labda kwa udadisi. Ikanifunika mpaka puani. Ndani kulikuwa na giza, sabuni, na jasho la mtu aliyekwenda Abu Dhabi. Nikamsikia Madam anasema khalas, yaani basi, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Niliiona baraza ya kwetu. Niliwaona majirani wakimuuliza mama kama biriani lile lilikuwa la kwenda au la kurudi.

Nikaanza kusema nikiwa bado ndani ya kofia.

"Madam, mimi nawajua watu hawa walivyoanza. Mwanzo walikuwa mabawabu wa bunge. Kazi yao ilikuwa kusimama mlangoni, kama hawa wako. Halafu siku moja wakawageuka wale waliowaajiri, wakawafukuza ndani ya jumba lao wenyewe, wengine wakaruka madirishani."

Kofia haikuondolewa, nikachukulia kwamba wamevutiwa. Nikaendelea.

"Na wengine walianza kwa sababu ya buti. Jenerali alikuwa Italia, amekaa anatawadha, ameosha mguu wa kulia, wa kushoto bado, maadui wakaingia. Akaruka ukuta na buti moja. Ndipo akaunda walinzi, ili siku nyingine aweze kumaliza udhu wake kwa amani."

"Subiri," Madam akasema. Nikahisi kofia inaondolewa kichwani. Uso wake ulikuwa karibu sana. "Alikuwa anafanya nini?"

"Anatawadha, madam. Kwa ajili ya sala."

"Sala gani?"

Hapo mwenye akili angenyamaza. "Alasiri, nafikiri," nikajibu. "Kwenye picha jua lilikuwa limeinama."

Madam akatafuta kiti. Alikaa, akaweka mkono kifuani, akacheka bila sauti kwa muda mrefu, mabega yakitikisika, mpaka mpishi akatokeza kichwa jikoni kuona kama kuna mgonjwa. Mganda alikuwa amekodolea dari macho kama mtu aliyesimama kwenye mazishi ya jamaa asiyemfahamu.

"Alikuwa anaumwa kichwa," Madam akasema alipopata pumzi. "Aliloweka miguu kwenye maji ya moto kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Tulifundishwa na watawa, shuleni. Huyo bwana hata kanisani alikuwa haendi."

"Kumbe," nikasema.

"Na hakuwa mfupi. Najua ulikuwa unataka kusema hivyo."

Ni kweli, nilikuwa nimeiweka akiba. Faraja yangu ya mwisho ikaondoka papo hapo. Lakini kilichoniumiza zaidi ni mzee wa Kiunguja na ubishi wake wote ule. Tulikuwa tumemtolea mtu fatwa, kumbe anahitaji panadoli.

"Ile ya madirisha, hiyo ni kweli," Madam akaongeza, sasa hacheki tena. "Mabawabu ndio waliowatoa. Na wewe umekuja kunieleza hayo huku unaomba nikuweke mlangoni kwangu."

Sikuwa nimeliona hivyo. Naapa, mpaka aliposema, sikuwa nimeliona.

Aligeuzageuza miwani yake. Halafu akainuka, akaenda kwenye maboksi yaliyokuwa pembeni, akaanza kufukua. Alitoa suruali nyekundu pana kama mapazia, kizibao cha dhahabu kilichokuwa na uzi umefumuka, na kilemba kilichoshonwa tayari juu ya kofia nyekundu.

"Hili lilikuja pamoja na yale mengine. Wale watatu haliwaingii hata mkono. Hawa unawajua?"

"Mamaluki, madam. Wa Misri. Aliwaunganisha na walinzi wake." Safari hii nilisimama hapo hapo, na nilijisifu kimoyomoyo kwa kusimama.

"Vaa."

Liliniingia kama lililoshonwa kwangu. Kitu pekee kilichokosekana kilikuwa sharubu. Mamaluki wa kwenye picha zote wana sharubu za kutisha, na mimi nina nywele chache hapo juu ya mdomo ambazo zimegawana eneo bila kuonana. Madam akatoa penseli ya nyusi kwenye mkoba wake akanichora, ulimi umemtoka kidogo kwa umakini. Kisha akaniambia kazi itakuwa nini kama itakuwepo. Sitalinda mlango. Nitasimama ndani na birika la kahawa na kuwamiminia wageni wanaosubiri meza, kimya. Neno kimya alilisema mara mbili. Ila yeye hawezi kuamua, mwenye viza ni Sir, ndivyo walivyomwita mwenye mkahawa.

Sir alikuja baada ya adhuhuri. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Hakucheka aliponiona, wala hakuuliza habari ya historia. Alinizunguka kama linavyozungukwa gari la mtumba. Madam akamweleza kuhusu kahawa. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, viza ya mhudumu ipo, ile ya yule aliyekimbia. Halafu akageuka.

"Aliyekimbia aliletwa na nani?"

"Mimi, sir," Mganda akasema.

"Na huyu ameletwa na nani?"

Ningeweza kusema mengi. Ningesema nimekuja mwenyewe, nikifuata kofia. Ingekuwa kweli, na ingenimaliza, kwa sababu mtu asiyeletwa na yeyote hana wa kuulizwa. Na yule mrefu hakuwa na deni lolote kwangu. Tulikuwa tumefahamiana tangu stesheni chache zilizopita. Angesema tu, sir, sijui, nimemkuta njiani, na angebaki salama na heshima yake iliyokwisha kupungua. Mtu mmoja alishamtia aibu. Wa pili angemtoa kazini.

Nilifunga mdomo. Wanaonijua hawataamini, lakini niliufunga kabisa, mpaka nikahisi rangi ya sharubu inaingia mdomoni.

Mganda alikuwa anatazama sakafu. Akavuta pumzi kupitia puani. Akanitazama mimi, kuanzia kilemba mpaka viatu vyangu vya raba ambavyo vilikuwa vinachungulia chini ya suruali ya Mamaluki.

"Mimi, sir."

"Akikimbia?"

"Huyu hawezi kukimbia, sir. Huyu ataanza kuangalia vitu kwa njia. Tutamkuta hapo nje."

Madam akageuza uso. Sir hakucheka, ila alivua miwani yake kwa mara ya kwanza akanitazama kwa macho yenyewe, kama anayehakikisha kwamba maelezo yanalingana na mzigo. "Yalla," akasema. "Nakala ya pasipoti yake, leo hii."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nilifunua begi sakafuni na kutafuta pasipoti chini ya kanzu, chaja na sufuria, na Madam akiuliza kwa nini mtu anatembea na sufuria. Nakumbuka mimi na Mganda tukiwa tena ndani ya metro, jioni, tukielekea Deira, yeye bila kofia na mimi katika nguo zangu, na begi langu.

"Kwa nini ulikubali?" nikamuuliza.

Alifikiri. Watu wa ndani ya behewa walikuwa wakinitazama kwa heshima ambayo sikuizoea, na mimi nikawa napokea kwa kuinamisha kichwa kidogo.

"Yule wa Abu Dhabi alikuwa kimya sana," akasema. "Mwezi mzima, kimya. Mimi nikaamini kimya. Sasa najaribu kelele."

"Sitakuangusha, kaka."

"Usiniambie. Yeye pia aliniambia. Lakini ile siku unataka kwenda, na wewe utataka kwenda, mimi nimeona, kuja kwanza uniambie. Nisisikie kwa madam."

Nikasema sawa. Mimi huahidi mambo kwa urahisi, ni ugonjwa, lakini ahadi ile nilihisi uzito wake ikishuka. Nilizoea kuondoka mahali kama mtu anavyozima taa. Haikuwahi kunijia kwamba kuna mtu anabaki gizani akiulizwa swichi iko wapi.

Tulibadilisha treni Union, tukashuka stesheni inayofuata, Al Rigga. Barabara ilikuwa imejaa watu na harufu ya nyama ya kuchoma na marashi. Tukaingia kichochoro nyuma ya hoteli moja, tukapanda ngazi juu ya duka la mabegi. Chumba cha wafanyakazi kilikuwa na vitanda vya ghorofa, kamba ya nguo iliyokatiza katikati, na feni inayolia. Waganda wawili walikuwa wameketi chini wakimenya vitunguu, na Mtanzania mmoja, mpishi msaidizi, alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la umeme pembeni. Wote wakainua vichwa.

"Huyu nani tena?" akauliza Mtanzania.

"Mlinzi mpya," Mganda wangu akasema.

Wakanitazama. Kisha mmoja akajishika tumbo, na mwingine akaangusha kisu, na chumba kizima kikaanza kucheka kabla sijatoa hata salamu.

"Kaka, samahani," Mtanzania akasema, akijifuta machozi kwa kiwiko, "hizo sharubu unalala nazo?"

Nikashika juu ya mdomo. Kidole kikarudi cheusi. Nilikuwa nimevuka nusu ya mji na sharubu za penseli, moja imeshafutika kwa jasho, nyingine imepanda mpaka shavuni, na njia nzima nikiwarudishia watu heshima zao.

"Kitanda chako ile ya juu," Mganda akanionyesha. "Shuka iko ya yule. Kesho tutafua."

Nikawauliza bafu liko wapi, nikanawa uso, nikarudi nikapewa sahani. Nikala. Mtanzania akaniuliza natoka Mombasa sehemu gani, nikamwambia, naye akasema amewahi kulala huko akaliwa na mbu. Baadaye nikapanda. Godoro lilikuwa na bonde katikati, refu, la mtu mrefu aliyelala hapo mwezi mzima bila kusema kitu. Nikajilaza ndani yake. Miguu yangu iliishia pale palipokuwa magoti yake.